Mjusi wa Rukia Amesusa Kula

Shela, Malindi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikufikie ukiwa mzima, na kile kikohozi chako cha baridi kiwe kimekuachia. Bibi goti lake linaendeleaje? Bado anakataa kulipaka dawa eti inanuka? Na Mwadime ameacha kumkimbia jogoo, au bado anapitia nyuma ya zizi kama mwizi? Mimi huku ni mzima wa mwili, nashukuru Mungu. Mamdogo hajambo, Baba mdogo hajambo, nyumba nzima wako salama, ingawa mmoja alitutia mashaka, na habari zake ndizo nitakazokueleza.

Lakini kabla hujaendelea, Mama, nakuomba kitu. Soma mwenyewe. Najua miwani yako imelegea sikio moja na huyaona maandishi yakicheza, lakini tafadhali usimpe Rukia akusomee. Kaa nayo jikoni usome kidogo kidogo. Ndiyo maana sikuituma kwa njia nyingine, nimempa mkononi yule dereva wa lori la kabeji, mtoto wa jirani yetu wa bondeni, na nimemwambia akuone wewe tu. Alinicheka. Akasema, "Kwani ni barua ya posa?"

Utauliza kwa nini niandike na simu ipo. Simu ni ya Mamdogo, na nikiishika yeye husimama karibu yangu, si kwa ubaya, anapenda tu kusikia sauti ya dada yake. Basi nasema "niko sawa Mama," halafu "ehe," halafu maneno yananiishia. Mwalimu wetu wa Kiingereza alisema mbele ya darasa kwamba mimi ni mtu wa karatasi. Wenzangu walicheka na mimi nikacheka, lakini nilipofika nyumbani nikaona amesema kweli. Kwa Kiswahili au kwa Kiingereza ni yale yale, mkononi yanatoka, mdomoni yanakwama.

Sasa sikiliza. Rukia alipokuja huko kwenu kwa likizo (naandika "kwenu" halafu nakumbuka ni kwetu) aliniachia mjusi wake. Nafikiri amekwisha kukuonyesha picha zake. Si yule mjusi kafiri wa ukutani anayekula mbu. Huyu ni mkubwa, guruguru wanamwita, wale wanaochimba mashimo shambani. Baba mdogo alimkuta kwenye mihogo yao kule Gede, mkia umekatwa na jembe, akamletea binti yake. Toka vidole vyangu hadi kiwiko ndio urefu wake, na magamba yake yamepangwa mistari mistari kama matofali. Rukia amempa jina la Sultani. Anaishi ndani ya kabati la kioo ambalo zamani mama yake Baba mdogo aliuzia mahamri, Mungu amrehemu, na mlango wake bado unanukia iliki.

Siku ya kuondoka Rukia alinishika mabega yote mawili. "Mshai, mpe panzi, mpe mende, mpe papai lililoiva. Usimvute mkia. Na umpende." Nikasema sawa. Hilo la mwisho Mama sikulitekeleza.

Nitakuambia ukweli kwa sababu hapa hakuna anayenitazama. Namwonea Rukia wivu. Si wivu wa kupita, ni ule unaokaa kama mwiba wa samaki kooni, ukimeza mate unausikia. Tuna umri mmoja, kidato kimoja, lakini yeye akiingia chumbani watu hugeuza viti. Akisoma shairi darasani mwalimu hufunga macho. Mimi nikisoma, wasichana wa hapa hupokezana maneno yangu baadaye kwenye mfereji, wakiyasema vile ninavyoyasema mimi, na kuchekeana. Hisabati amepasi, kwa hiyo zawadi yake ikawa kupanda mlima kuja kwako. Mimi sikupasi, kwa hiyo nimebaki na tuisheni na mjusi. Yaani Mama, yeye amelala kitanda changu, anakunywa kwa kikombe changu chenye sikio lililovunjika, anakamua ng'ombe wangu vibaya (najua anamkamua vibaya, usinifiche), na mimi niko kwao namlishia mnyama wake.

Mnyama mwenyewe akakataa kula.

Rukia alikuwa akimweka juu darini, pale pa wazi tunapoanika nguo. Alipoondoka tu, Mamdogo alisema si vizuri. "Mwenyewe hayupo, tumwache kiumbe cha watu huko juu peke yake, mpweke? Hata mgeni hawekwi darini." Baba mdogo na kijana mmoja wa mtaani wakaliteremsha kabati hadi sebuleni, wakaliweka chini kwenye vigae, mahali pa heshima, chini ya feni ile kubwa isiyozimwa hata mvua ikinyesha, kwa sababu wageni wa Mamdogo hufika na mabuibui yao wakihema. Na mvua kweli imekuwa ikinyesha, Mama, rasharasha za kusi kila asubuhi, jua halionekani ila kwa kuchungulia.

Basi Sultani akawa mgeni wa sebule, na unajua watu wa huku na mgeni. Kila aliyeingia alipiga magoti mbele ya kioo. "Karibu Sultani, kula." "Mbona huli, baba?" Mmoja alimletea kipande cha samaki wa kupaka. Mwingine alimletea halua, nikaitoa kwa siri nikaila mimi. Nilimpa panzi, akawatazama wakimpanda kichwani. Nilimpa papai, likakauka, likaja na sisimizi. Alilala pale pembeni, macho nusu, kama mtu anayesubiri hotuba iishe.

"Anamkosa Rukia," alisema Mamdogo.

"Masikini roho yake," akasema Baba mdogo. "Hata mnyama ajua mapenzi."

Kila aliyekuja alisema hivyo hivyo. Anamkosa Rukia. Amesusa kwa ajili ya Rukia. Na mimi nimesimama hapo na kisahani cha papai mkononi nikifikiri: nilipoondoka mimi Wundanyi, nani alisusa? Wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu kwamba Mwadime alikula ugali wake akala na wangu. Ulicheka uliponiambia. Nilicheka na mimi.

Mamdogo akapata wazo. Apigiwe simu Rukia, Sultani aisikie sauti yake. Akaweka simu kwenye spika, akailaza juu ya kioo, sote tukainama kama tunaangalia kisima.

"Sultani!" Sauti yake ilijaza sebule. "Sultani wangu wee! Mbona wanitia mashaka? Kula baba, kula, nakuja."

Sultani hakutikisa hata kope. Lakini nyuma ya sauti ya Rukia nilikusikia wewe, Mama. Ulikuwa mbali kidogo, kama mlangoni. Ulisema, "Rukia mwanangu, njoo, chai inapoa." Nikasubiri. Niliona sasa utauliza, Mshai yuko hapo? Nikajiandaa hata na la kusema, kwamba nimepata nafuu kwenye milinganyo. Rukia akakuambia jambo, ukacheka kile kicheko chako cha kupiga paja, halafu simu ikakatika.

"Mtandao wa mlimani," alisema Mamdogo, akaichukua simu yake. Mimi nikamwaga papai jaani.

Nilidhani namjua Sultani zaidi yao. Nilidhani ana haya, kama mimi. Unakumbuka nilivyokuambia nilipofika huku sikuweza kula? Wali unapakuliwa kwenye sinia moja, mnazunguka, kila mkono uko wazi mbele ya macho ya watu. Mimi nimezoea sahani yangu na pembe yangu. Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa akinitazama vidole. "Kula mwanangu, mbona wachezea chakula kama kuku?" Nikiambiwa hivyo naondoa mkono siniani. Nilikuwa nakula baadaye, jikoni, nimesimama, ukoko. Basi nikasema moyoni, huyu mjusi ni mwenzangu, anatazamwa mno. Nikachukua leso nikafunika kioo pande zote, nikamwekea mende ndani, nikaondoka hata sikuchungulia. Wageni walilalamika kwamba nimemfunga Sultani buibui. Niliporudi kutoka tuisheni mende walikuwa wamepanda juu ya mgongo wake, wamepumzika. Hakula. Ile siku niliumia Mama, sijui kwa nini. Nilishamfanya mwenzangu.

Ndipo Bi Mwanaidi alipoinua pembe ya leso, akamtazama muda mrefu, akairudisha.

"Huyu si bure," akasema. "Huyu katupiwa jicho."

Mamdogo alicheka. "Nani wa kumwonea kijicho mjusi, Bi Mwanaidi?"

"Si mjusi. Mwenye mjusi. Jicho likimkosa mtu hupata chake." Akahesabia kwenye vidole: "Mtoto mzuri, apasi vizuri, asafirishwa. Wewe wadhani watu hawaoni? Kuna mtu ana kijicho na Rukia. Yu karibu, wala hayuko mbali."

Hakunitazama. Ningependa sana angenitazama, ningejua ananisema mimi, nikakasirika. Alikuwa anatazama feni. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Najua utasema sisi hatuamini mambo hayo, na mchungaji wetu atasema hivyo hivyo. Lakini Mama, nilikuwa nimekaa na wivu ule siku zote ndani ya nyumba ile ile na yule mjusi. Mimi ndiye niliyekuwa namtazama kila asubuhi na kila jioni. Na kila nikimtazama nilikuwa namwona Rukia kwenye kitanda changu. Kama kweli kuna jicho, lingekuwa la nani tena? La feni?

Nikaanza kumwekea chakula nimegeuza uso. Nafungua mlango wa kabati kwa kupapasa kama kipofu, namwaga panzi, nafunga. Nikawa nasema "mashallah" kwa sababu huku husema hivyo ili jicho lisidhuru, halafu nasema na jina la Yesu juu yake, ili yeyote anayesikiliza asikie. Hakula. Tumbo likaingia ndani, macho yakazama, ngozi ya shingoni ikawa kama soksi iliyolegea.

Baba mdogo ni mtu wa maneno machache, unamjua. Alikaa kwenye kiti chake, akavua kofia. "Akifa huyu kabla mwenyewe hajarudi, nitamwambia nini mwanangu?" Mamdogo akasema labda arudishwe Gede, aachiliwe pale pale mihogoni, akifa afie kwao. Nikajua wakimwachilia vile alivyo dhaifu, kunguru hawatamwacha afike shimoni. Na nikajua Rukia akirudi akakuta kabati tupu, na Bi Mwanaidi akamweleza habari ya jicho, Rukia hataangalia feni. Ataniangalia mimi. Na wewe utakuwa umeshasimuliwa, Mama. Hilo ndilo lililonikosesha raha kuliko yote, kwamba wewe utasikia na utaamini kidogo, hata kama ni kidogo tu.

Siku moja baada ya alasiri Bi Mwanaidi alikuja na chetezo chake, kile cha udongo, makaa yamewiva mekundu. Akatia ubani, akatia chumvi ya mawe, akatia na pilipili kavu. Akazunguka kabati akisoma polepole. Moshi wa pilipili ulipopanda tulikohoa sote, lakini mimi nilikohoa kuliko wote, mpaka machozi, na nikawa nafikiri basi nimeshajulikana. Mamdogo alinipiga mgongo. Bi Mwanaidi akafungua mlango wa kioo, akakiweka chetezo pale pale kizingitini, karibu kabisa, akakaa chini akifuta macho.

Sultani akainua kichwa.

Mama, tuliacha kukohoa. Alinyanyuka kwa miguu ya mbele, akajiburuta polepole kuja upande wa chetezo, akajilaza chini bapa, tumbo limetanda sakafuni kama chapati, ubavu umeelekea makaa. Akafumbua jicho lote.

"Mashallah!" Bi Mwanaidi alipiga vigelegele. "Mwaona? Mwaona? Latoka hilo!"

Mamdogo naye akapiga vigelegele, Baba mdogo akasema alhamdulillahi. Nami nilifurahi, Mungu anajua, kwa sababu kama limetoka basi limetoka kwangu pia. Ubani ukaisha, Bi Mwanaidi akachukua chetezo chake akaenda kwake, wengine wakaenda kunywa chai. Nikabaki peke yangu, bado sithubutu kutazama sawasawa. Nilipotazama, Sultani alikuwa anazimika tena. Kichwa kilishuka. Jicho likafumba nusu. Hakuna aliyemsomea vibaya, hakuna aliyemtazama ila mimi, na mimi wakati ule nilikuwa nimefurahi, sikuwa na kijicho na mtu. Kilichoondoka kilikuwa makaa.

Nikakumbuka lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba ya Bibi. Ukungu ukiwa umeshuka, wale mijusi wa jiweni hawatoki. Mwadime huwa anaingiza mkono kwenye ufa na kuwatoa kama viazi, hawakimbii, hawaumi, hawana nguvu. Jua likipiga jiwe, hata paka hawapati. Sote tunajua, hakuna aliyetufundisha.

Nikaingiza mkono nikamgusa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, tangu Rukia aondoke nilikuwa natumia kijiti. Alikuwa baridi kama sahani. Huku juu ya kichwa chake feni inazunguka, na chini yake vigae.

Hakuwa na huzuni ya Rukia. Hakuwa na haya. Alikuwa na baridi tu.

Nilikwenda jikoni nikabandika maji. Mamdogo akanikuta natia maji moto kwenye chupa. "Waumwa na tumbo, mwanangu?" Sikujua nieleze vipi, nikasema "kidogo." Basi akanikalisha, akanipikia chai ya tangawizi, akanifunga leso yake mwenyewe kiunoni, akakaa na mimi akinisugua mkono na kunieleza wewe ulivyokuwa ukimbeba mgongoni kwenda mtoni mkiwa wadogo, na jinsi ulivyomwangusha ukamhonga guava asiseme. Sikulijua hilo. Nilikunywa chai yote. Halafu alipoondoka nilifungua leso, nikaizungushia chupa, nikaipeleka kwa Sultani, nikaipenyeza kando ya tumbo lake, kama vile wewe ulivyokuwa ukiniwekea miguuni wakati wa ukungu. Nilipokuwa naiweka nikafikiri, sasa hivi huko ni baridi, na Rukia hajazoea, lazima Mama anamwekea chupa. Chupa ile ile. Usinijibu, Mama. Sitaki kujua.

Asubuhi iliyofuata jua lilitoka. Siku nyingi halijatoka hivyo, lile la kufanya mabati yalie. Kabati ni zito, siwezi peke yangu. Baba mdogo alikuwa anavaa viatu aende dukani. Nilisimama mbele yake mpaka akanitazama.

"Ehe, Mshai?"

"Baba mdogo, naomba tulipandishe kabati juu."

"Juu kuna nini?"

"Kuna jua."

Alinitazama kidogo. Sidhani kama tangu nije alishanisikia nikimwomba kitu. Akavua viatu.

Tulimweka pale alipokuwa akimweka Rukia, kati ya kamba za nguo, nusu kivuli nusu jua. Nikafungua mlango. Nikakaa chini na kopo langu la mende, tuisheni nikaichelewa. Kwanza hakufanya kitu. Halafu alitoka kivulini mwenyewe, akajilaza kwenye saruji yenye joto, akatanda. Rangi yake ikabadilika, ikawa nyeusi zaidi, kama nguo iliyolowa. Akapumua. Akageuza kichwa akanitazama kwa jicho moja, na mimi safari hii sikugeuza uso.

Nataka ukielewe vizuri hiki nitakachokuambia. Wakati ule nilikuwa bado naona wivu. Haukupungua hata chembe. Ilikuwa Jumamosi, nikawa nafikiri leo ni siku ya soko, Mama atakuwa amemchukua Rukia sokoni, wameshika kikapu huku na huku, na watu wanamwuliza huyu binti mzuri ni nani, naye Mama anajibu kwa majivuno. Niliwaza hayo yote nikiwa nimemkazia macho Sultani, macho yote mawili, kijicho chote nilichonacho. Nikaachia mende mmoja.

Akamla.

Nilisikia akitafuna, Mama. Kruch. Nikaachia mwingine. Akamfukuza mpaka chini ya beseni, akamla. Akala papai likamchuruzika kidevuni. Nilikaa pale juu nikalia kidogo, halafu nikacheka, jirani wa ng'ambo aliyekuwa anaanika shuka akadhani nimepandwa na kitu.

Bila shaka Bi Mwanaidi alipopata habari alisema, "Si niliwaambia? Ubani wangu haukosei." Nikamwacha. Ni mtu mzima, na pilipili zilikuwa zake. Lakini jioni walikusanyika wote juu, na Mamdogo akasema kwa kuwa jicho limetoka, sasa arudishwe sebuleni apate watu wa kumliwaza. Baba mdogo akashika pembe moja ya kabati.

Nikasema, "Asiteremshwe."

Walinigeukia wote. Wanne, watano, sijui, niliona macho tu.

"Kwa nini, mwanangu?" Mamdogo aliuliza.

"Chini atakufa. Alikuwa na baridi."

"Baridi!" Bi Mwanaidi alipiga kofi. "Malindi hii? Jamani, mtoto katoka kwenye barafu huko kwao, aja kutufundisha sisi baridi!"

Wakacheka, na hakikuwa kicheko kibaya. Siku nyingine ningeshuka ngazi. Nikasema, "Ndiyo, Bi Mwanaidi. Mimi baridi naijua."

Bi Mwanaidi akanikazia macho. Halafu yeye ndiye aliyecheka kwanza, mpaka akashika ukuta. "Haya, kasema! Kumbe ulimi anao!" Baba mdogo akaiachia ile pembe ya kabati. "Basi abaki juu," akasema. "Mshai ndiye mwenye kujua." Na yupo juu mpaka leo. Mvua ikija tunamfunika turubai na namwekea chupa. Anakula kama mtu aliyetoka kufunga.

Habari nyingine si nyingi. Tuisheni inaendelea, milinganyo imenyooka kidogo, maumbo bado. Kwenye sinia sasa nakula, si sana, lakini nakula nimekaa. Viatu vyangu vya shule vimeanza kuachana na soli, fundi wa hapa pembeni amevishona. Nimeota ukungu mara mbili.

Naomba unifikishie salamu kwa wote. Msalimie Bibi, mwambie mtoto wake Mkamburi, yaani Mamdogo, ambaye huku ni Halima, anamkumbuka kila akipika maharage, na kwamba dawa ya goti ipakwe hata kama inanuka. Msalimie mdogo wangu Mwadime, mwambie jogoo akimjia asikimbie, asimame tu. Msalimie mjomba wa kinu cha kusaga unga, na mama wa kwaya aliyenishonea sketi, bado inanitosha. Msalimie ng'ombe.

Rukia naye msalimie. Nimeandika, nikafuta, nimeandika tena. Mwambie mjusi wake anakula. Nilitaka kukuambia usimtajie ni kwa sababu ya nani, aendelee kuamini ubani kama wengine, mimi ninyamaze kama kawaida yangu. Lakini hapana, Mama. Mwambie Sultani alikuwa na baridi, na kwamba aliyejua ni Mshai. Mwambie mbele ya Bibi. Halafu ukimaliza kumwambia, piga simu ya Mamdogo, na akiipokea, kabla ya salamu, kabla ya habari za mvua, useme, "Nipe mwanangu."

Nitakuwa juu darini. Wataniita.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza, mwenye wivu na mwenye kukupenda,

Mshai